Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Sindano za Mafuta na Arobaini Zetu, Kutoka Liuhua



Wengi wetu tuliowahi kufika Guangzhou, kwa biashara au kwa kazi, tumepita Liuhua hata kama jina hatukulishika. Ni eneo lililo kati ya kituo cha treni cha zamani na ziwa, lenye majengo ya nguo za jumla ambamo mtu huingia asubuhi na begi tupu, akatoka jioni akiburura magunia mawili. Maana ya jina lenyewe ni maua yanayochukuliwa na maji. Wenyeji husimulia kwamba zama za ufalme wa Han ya Kusini, uliotawala sehemu hizi kuanzia mwaka 917 hadi 971, palikuwa hapa na bustani ya mfalme. Wanawake wa ikulu walipomaliza kujipamba asubuhi walitupa majini maua ya jana yaliyonyauka, nayo yakaelea hadi chini ya daraja la mawe. Daraja likaitwa Liuhua, na eneo zima likarithi jina.

Kisa hicho ni cha mapokeo, nasi tunakipokea hivyo. Tumeanza nacho kwa sababu makala hii inahusu urembo na kile kinachobaki urembo ukishapita: zile siku na wiki zinazofuata sindano za kuyeyusha mafuta, ambazo dada zetu, na siku hizi kaka zetu pia, huchomwa huku ugenini kisha wakazibeba mwilini hadi nyumbani. Sindano yenyewe huchukua nusu saa. Yanayofuata huchukua wiki nyingi, na mara nyingi hayana mwenyewe.

Liuhua ilivyokuwa mlango wetu

Liuhua tuliyoikuta sisi ilijengwa juzi tu. Mwaka 1958 wananchi wa Guangzhou walichimba ziwa kwa kujitolea, lipate kupokea maji ya mafuriko. Likawa moja ya maziwa manne yaliyochimbwa mjini humo wakati huo, na kandokando yake ikapandwa bustani. Mwaka 1974 kikafunguliwa kituo kikubwa cha treni, na karibu yake, barabara ya Liuhua, likasimama jengo jipya la Maonesho ya Biashara ya Canton, ambayo yalikuwa yameanza mwaka 1957. Wakati China ilipokuwa imejifungia, hapa palikuwa dirisha lake: mgeni aliyetaka kununua au kuuza alikuja mara mbili kwa mwaka, akapanga mstari kama wengine. Maonesho yalikaa Liuhua hadi mwaka 2008, yalipohamia yote Pazhou. Biashara haikuhama nayo. Soko la nguo la Baima lilikuwa limefunguliwa jirani na kituo cha treni mwaka 1993, na mengine yakaota ubavuni mwake.

Waafrika tulianza kuonekana kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990. Msukosuko wa fedha wa Asia wa mwaka 1997 uliwafanya wafanyabiashara waliokuwa wakinunua Bangkok na Jakarta wasogee Guangzhou, na China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001 milango ikapanuka zaidi. Xiaobei, mwendo mfupi tu mashariki ya Liuhua, jengo la Tianxiu likawa baraza la Waafrika. Kutoka hapo mizigo ikaenda Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo: kwanza nguo na viatu, halafu nywele za bandia, halafu krimu, halafu vidonge vya kuongeza hiki na kupunguza kile, na mwisho vichupa vya sindano.

Hapo pa mwisho pana jambo la kufikiri. Kwetu sindano ya Kichina ilikuwa na heshima kabla hatujaijua Liuhua. Madaktari wa kwanza wa China walitumwa Zanzibar mwaka 1964, kutoka jimbo la Jiangsu. Tanzania Bara walianza kuja mwaka 1968, kutoka jimbo la Shandong. Waliwekwa kwenye hospitali zetu, wakakaa, na mgonjwa aliyedungwa leo alijua kwamba kesho akiamka vibaya daktari yule yule yupo. Imani yetu ilijengwa na kule kumkuta mtu tena. Biashara ikairithi imani hiyo bila kurithi ule uwepo.

Dada yetu

Mwaka 2017 alifika Guangzhou dada mmoja wa kwetu, mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo. Ametupa ruhusa ya kusimulia kwa sharti la kutomtaja jina, nasi tutamwita Dada tu. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mama wa watoto watatu, na tumbo lililobaki baada ya uzazi wa tatu lilikuwa linamnyima raha. Hakuwa mtu wa kujionesha. Alituambia neno moja ambalo hatujalisahau: "Kaka, nguo ninazouza mimi mwenyewe hazinienei."

Mtu mmoja alimwelekeza kwenye chumba cha ghorofani, dakika chache kutoka kituo cha treni. Mlangoni hapakuwa na kibao. Mwanamke aliyevaa koti jeupe alimlaza, akamchora tumbo kwa kalamu, akamchoma sindano ndogo ndogo kama arobaini. Walizungumza kwa kutafsiriwa na simu. Hakuulizwa anatumia dawa gani wala ana maradhi gani. Alipouliza kama anaweza kusafiri keshokutwa, simu ilijibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Hakuna shida." Akalipa taslimu, akaondoka na kiboksi cha dawa ili akawaoneshe rafiki zake.

Usiku ule alikuja nyumbani kwetu Xiaobei akitembea ameinama. Tumbo lilikuwa limefura, limewiva rangi, linachoma kama lililomwagiwa maji ya moto. Alidhani amepewa sumu. Siku zile tulikuwa na mgeni, mama wa makamo kutoka Pangani, mkunga wa jadi aliyekuwa amekuja kumtazama mwanawe. Dada alimwamkia shikamoo huku machozi yakimtoka.

"Marahaba mwanangu, pole. Lala hapa. Tumbo hili linataka kukandwa."

Yakachemshwa maji, ikaletwa taulo na kanga ya kumfungia. Mama alimkanda kama anavyokandwa mzazi, kwa mikono inayojua kazi yake na kwa mapenzi yote. Asubuhi uvimbe ulikuwa umezidi na weusi wa damu iliyovilia umeshuka hadi kwenye nyonga. Jirani yetu, bibi wa Kichina, aliposikia habari akaja na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, akatuonesha kwa ishara: baridi kwanza, moto baadaye. Dada akapata nafuu kidogo. Kesho yake akaruka, kwa kuwa tiketi ilikuwa ya siku hiyo na mzigo wake ulikuwa umeshafungwa.

Tuwe wakweli: sisi tulidhani yamekwisha. Tulimpigia simu mara moja, akasema yuko salama, tukarudi kwenye shughuli zetu.

Nyongo na soya

Hebu tuache kidogo habari za Dada, tuulize kilichokuwa ndani ya kichupa kilitoka wapi. Sisi tuliosomea uhandisi ugenini tulifundishwa kwamba mtambo usioujua historia yake hutaweza kuutengeneza.

Mwaka 1952 daktari wa Kifaransa, Michel Pistor, alianza kutibu watu kwa sindano ndogo ndogo za juu juu karibu na mahali panapouma. Huo ndio mwanzo wa kile kilichokuja kuitwa mesotherapi. Yeye hakuwa na habari ya vitambi. Huko Ujerumani, kwa upande mwingine, kulikuwa na dawa iliyoitwa Lipostabil, iliyotengenezwa kwa fosfatidilikolini, aina ya mafuta yatokanayo na soya. Ilipitishwa kwenye mshipa wa damu kwa matatizo ya mafuta katika damu. Ili mafuta hayo yachanganyike na maji yasigande, watengenezaji waliongeza kitu cha kuyayeyusha: chumvi ya asidi ya deoksikoliki, ambayo ni sehemu ya nyongo.

Mwaka 1988 daktari wa Italia, Sergio Maggiori, alieleza jinsi alivyotumia fosfatidilikolini kwenye vinundu vya mafuta vya kope. Mwaka 2001 daktari wa Brazili, Patricia Rittes, akachapisha matokeo ya kuidunga kwenye mifuko ya chini ya macho. Baada ya hapo moto ukawaka. Saluni na kliniki za Brazili, Ulaya na Marekani zikaanza kuidunga kwenye matumbo, mapaja na videvu, wakati hakuna mamlaka iliyoipitisha kwa kazi hiyo. Brazili yenyewe ikapiga marufuku matumizi hayo.

Mwaka 2004 watafiti wa Los Angeles walitenganisha vitu viwili vile na kuvijaribu kimoja kimoja. Wakagundua kwamba kazi kubwa ya kuua seli za mafuta inafanywa na ile chumvi ya nyongo, ambayo watu wote walidhani ni msindikizaji tu. Soya ndiyo iliyokuwa na jina. Nyongo ndiyo iliyokuwa na nguvu. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamechomwa kitu bila kujua ni kipi hasa kinachowafanyia kazi.

Kuanzia hapo njia zikawa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya polepole: majaribio, vipimo, kuhesabu madhara. Mwezi Aprili 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha asidi ya deoksikoliki kwa jina la Kybella, kwa mahali pamoja tu pa mwili, yaani mafuta ya chini ya kidevu, na mikononi mwa mtaalamu wa afya. Njia ya pili ilikuwa ya sokoni. Mwezi Aprili 2010 FDA hiyo hiyo ilikuwa imeziandikia kliniki kadhaa barua za onyo kwa kutangaza dawa zisizoidhinishwa, na mwezi Desemba 2023 ikalazimika kuwaonya wananchi tena, kwa kuwa vichupa vilikuwa vimehamia kwenye mtandao na watu wengine wakijidunga wenyewe sebuleni. Hapa China nako, kwa miaka mingi baada ya idhini ile ya Marekani, sindano hizi zilikuwa zikiuzwa na kudungwa bila idhini ya mamlaka ya dawa ya nchi.

Kinachotokea ndani

Nyongo mwilini ina kazi moja tunayoijua sote: inayakata mafuta ya chakula tumboni kama sabuni inavyoyakata mafuta ya sufuria. Ikidungwa chini ya ngozi inafanya kazi ile ile, inaivunja kuta ya seli. Haichagui sana. Seli ya mafuta ni dhaifu zaidi mbele yake, na protini za ngozi na misuli huipunguza makali, lakini ikipelekwa juu mno itaiua ngozi, na ikipelekwa karibu na neva itaijeruhi neva. Ndiyo maana kina na nafasi vinapimwa: katika matumizi yaliyoidhinishwa ni matone ya mililita 0.2, sentimita moja moja, yasiyozidi 50 kwa mkao mmoja, na mikao isiyozidi sita iliyoachana walau mwezi mmoja mmoja.

Kwa nini mwezi? Kwa sababu seli zikishapasuka ndipo kazi inapoanza. Chembe nyeupe za damu hukimbilia pale kama zimama moto, zikabeba mabaki, na mwili ukafuma nyuzi mpya za kushika mahali palipobomoka. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na tunayaona matunda yake kwa jina la uvimbe. Katika majaribio yaliyopeleka Kybella kwenye idhini, watu 87 kati ya 100 walivimba, 72 walivilia damu, 70 walipata maumivu na 66 walipata ganzi. Wanne kati ya 100 walijeruhiwa neva inayovuta mdomo, tabasamu likaenda upande. Wote walipona, kwa kawaida kama siku 44, lakini kuna aliyengoja siku 298. Hayo ni ya kidevu kidogo, dawa halisi na madaktari wanaojua. Tumbo zima katika chumba kisicho na kibao lina hesabu zake, na hakuna aliyeziandika.

Katika ujenzi sisi tuna kitu kinaitwa kipindi cha matazamio. Barabara ikikamilika na utepe ukikatwa, mkandarasi hajaondoka bado. Sehemu ya malipo yake huzuiliwa, naye hubaki na dhamana ya kasoro, kwa kawaida mwaka mzima, mvua zinyeshe na malori yapite ndipo ijulikane kama kazi ilikuwa kazi. Mwili wa Dada ulikabidhiwa bila kipindi cha matazamio. Mkandarasi hakuacha hata jina.

Wiki ya nne

Ilikuwa wiki ya nne tangu arudi Dar es Salaam ndipo vilipotokea vinundu. Viwili kwanza, halafu sita, vyekundu, vigumu, vimejipanga kwenye mistari ile ile aliyochorwa kwa kalamu. Kimoja kikapasuka na kutoa usaha. Dada hakuwa amemwambia mumewe, na hospitalini akasema ameumwa na wadudu. Akapewa dawa za majipu. Havikupoa. Akaenda hospitali ya pili, akasema vile vile, akapewa dawa nyingine. Havikupoa.

Daktari wa tatu, binti wa umri wa kuzaliwa naye, alivitazama vile vinundu akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, hapa uliwahi kuchomwa sindano?" Ndipo Dada akalia, na ndipo akatupigia simu kuuliza kama kile kiboksi alichokisahau kwetu bado kipo. Kilikuwepo, mafundi hatutupi maboksi. Tuliipiga picha kila pande tukaituma.

Kuna jamaa ya vimelea, binamu wa wale wa kifua kikuu, wanaoishi kwenye maji na vumbi bila kumdhuru mtu. Wakipata njia ya sindano isiyo safi, au dawa iliyotengenezwa pachafu, wanajenga chini ya ngozi taratibu, wiki kwa wiki, na dawa za kawaida za majipu haziwatishi. Peru iliwahi kuona mlipuko wao baada ya mesotherapi. Katika eneo la Washington, mwanzoni mwa mwaka 2005, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichunguza kundi la watu waliopata vidonda vya ngozi baada ya kudungwa na mtu asiye na leseni. Daktari yule wa Dar es Salaam alipeleka usaha maabara ukaoteshwe mahsusi kwa vimelea hao. Jibu lilichukua wiki, matibabu yakachukua miezi, dawa zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Dada alipona. Ana makovu sita na ngozi iliyobonyea, na mpaka leo akisikia neno Liuhua hushika tumbo.

Arobaini

Mama wa Pangani alipopata habari alisononeka sana, akidhani maji yake ya moto ndiyo yaliyoleta yote. Tulimweleza kwamba sivyo: moto na kukandwa siku ya kwanza viliongeza uvimbe na kuvilia, lakini vimelea viliingia na sindano. Kisha tukakaa kufikiri juu ya elimu yake, maana haikuwa ya kutupwa.

Kwetu pwani mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa, hufungwa tumbo kwa kanga, hunyweshwa uji wa pilipili manga. Wachina nao wana desturi ya mzazi kukaa ndani mwezi mzima. Hapa Guangzhou hulishwa miguu ya nguruwe iliyopikwa kwa tangawizi na siki. Vyakula ni mbali na mbali, lakini kanuni ni moja. Mwili uliofunguliwa haumalizi kazi siku ile, na kwa siku zote hizo pana mtu mwenye jina anayeutazama kila asubuhi: leo kuna homa, leo damu imebadilika harufu, leo hajala. Tukiondoa maji ya moto, uji na kanga, kinachobaki ni jicho hilo. Ndilo Dada alilolikosa. Sisi tulimpa usiku mmoja na simu moja.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama wewe au mwenzio mmeshaamua, nasi hatukuja kumhukumu mtu, chukueni haya kama desturi mpya ya arobaini, kila moja kwa kumsikiliza daktari wenu kwanza.

Siku mbili tatu za mwanzo ni za baridi na utulivu. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe dakika kumi au kumi na tano, iondolewe, irudiwe. Maji ya moto, sauna, mazoezi mazito na pombe vingoje. Pasikandwe wala kusuguliwa mpaka aliyedunga aseme. Mkanda wa kubana uvaliwe akiuagiza yeye. Aliyedungwa kidevuni alalie mito miwili. Maumivu kwa kawaida hutulizwa na parasetamoli. Aspirini na jamaa zake huweza kuzidisha kuvilia, kwa hiyo uliza kabla, na kama unatumia dawa ya kulainisha damu usiiache bila daktari wako.

Uvimbe huwa mkubwa siku za mwanzo, ukapungua katika wiki moja au mbili. Ganzi na ugumu wa kama ubao huweza kukaa wiki kadhaa. Hayo ni ya kuvumilia. Yasiyo ya kuvumilia ni haya: tabasamu kwenda upande, shida ya kumeza, ngozi kugeuka nyeupe au nyeusi au kuchimbika kidonda, wekundu unaosambaa, homa, na vinundu au usaha vinavyokuja baadaye, hata baada ya mwezi au miezi, wakati umeshasahau. Likitokea moja nenda hospitali, na useme ukweli. Neno "nilichomwa sindano hapa, tarehe fulani, dawa hii" lingemwokolea Dada karibu miezi miwili.

Kiboksi na kichupa vitunzwe, au vipigwe picha. Kwa China, dawa halali ya kudungwa huwa na namba inayoanza na maneno guoyao zhunzi. Mwenzetu mmoja alipotusomea kiboksi cha Dada, alikuta namba ya kipodozi, kitu cha kupaka. Na huo ndio mwanya ambao vichupa hivi hupitia hata kwetu: tangu mwaka 2019 Tanzania Bara vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, na dawa zinasimamiwa na TMDA, iliyokuwa TFDA. Kitu kikiandikwa kipodozi kisha kikadungwa, kimeingia kwa mlango mmoja na kutumika kwa mlango mwingine. Kenya wana Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, Zanzibar ZFDA. Maswali yanaulizwa huko, kabla ya sindano.

La mwisho ni tiketi. Mtu asidungwe siku mbili kabla ya kuruka. Kuruka kesho yake ni kumkimbia daktari wako, kama unaye. Kama huwezi kukaa alipo aliyekudunga, basi ngoja ufanyiwe nyumbani, mahali utakaporudi ukilalamika na kumkuta mtu.

Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Tulidhani ni methali ya moyo. Dada ametufundisha kwamba ni ya ngozi pia. Mwaka jana alitupigia simu kutoka Kariakoo. Kuna binti wa duka la jirani anakuja Guangzhou, alisema, na amemwona akitazama picha za matumbo kwenye simu. Hakututaka tumkataze. Alisema: "Kaka, akifanya, msimwache alale peke yake. Na mumpigie kila siku, hata akisema amepona. Mpigieni mpaka arobaini iishe."

Binti alifika, akanunua mzigo wake, akarudi bila kudungwa. Hatukumuuliza sababu. Simu tulimpigia hata hivyo.